Kaseti ya Pasaka ya Lonzo

Milwaukee, Wisconsin
9 Februari 2015

Mpendwa Mama Mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi kitini, wala si juu ya ngazi unapangusa taa, maana Dada Hattie, jirani yako, alinipigia simu kuniambia alikuona. Magoti yako yana miaka sitini na tisa. Sisi huku hatujambo. Theluji imefika kwenye madirisha, mkweo Delmar ameumia mgongo kwa kuichota, na binti yetu Janelle anamaliza shule mwezi wa tano lakini kinachomshughulisha ni rangi ya nywele. Kazini wameniongezea zamu. Mashuka ya hospitali hayaishi kufuliwa.

Ningekupigia, lakini najua utasikia mvumo tu. Kwa hiyo soma polepole, na usiiweke kando ukifika katikati.

Wakili wa Lonzo, Bi Keating, alinipigia Ijumaa. Jaji amepanga kusikiliza shauri mwezi wa sita. Hawaulizi tena kama Lonzo alikuwepo dukani siku Bwana Tarpley alipouawa. Alikuwepo, alikiri, na mwenzake aliyefyatua risasi amekwisha kufia gerezani. Safari hii swali ni moja: je, mdogo wangu ni mlemavu wa akili tangu utotoni? Sheria inasema mtu wa namna hiyo hauawi. Jaji akisema ndiyo, Lonzo atabaki gerezani mpaka siku Mungu atakapomchukua. Akisema hapana, watampangia siku ya sindano ya kifo, na Bi Keating anaona haitapita Krismasi.

Wamempima akili mara tatu. Shuleni, akiwa na miaka kumi, alipata sitini na tisa. Gerezani daktari wetu, Dakta Abernathy, alipata sabini na mbili. Miezi minne baadaye daktari wa serikali, Dakta Pruitt, akampa kipimo kilekile, akapata sabini na saba. Mstari uko sabini, aliye chini yake ndiye huhesabiwa mlemavu. Daktari wetu anasema kipimo chenyewe huweza kukosea kwa tano, juu au chini, kama mizani ya bucha, na kwamba mtu ukimuuliza maswali yaleyale mara ya pili lazima apande kidogo. Daktari wao anasema namba ni namba. Wataalamu wakivutana hivyo, jaji huangalia maisha ya mtu: aliweza nini, alishindwa nini.

Hapo ndipo penye shida. Serikali ina kaseti ya video ya Pasaka ya mwaka themanini na sita. Lonzo, miaka kumi na tano, amesimama mbele ya kanisa zima anasema kisa chote cha kaburi tupu, dakika sita, hana karatasi, hakwami. Watamwonyesha jaji.

Mama Mkubwa, kaseti ile waliipata wapi?

Mwanao,
Renetta

Tallow Creek, Alabama
1 Machi 2015

Renetta mwanangu,

Taa hazijipangusi zenyewe. Na Hattie umwambie dirisha lake la kuchungulia limechafuka, apande ngazi naye. Mimi nipo, nakula, nalala. Mchungaji mpya anahubiri dakika kumi na tano tu, basi tunarudi nyumbani nyama haijaiva. Nimepanda vitunguu. Mpake Delmar mafuta ya kafuri mgongoni na umkataze kujifanya kijana.

Kaseti niliitoa mimi.

Dakta Pruitt alikuja mwezi wa kumi na moja. Mtu wa heshima. Alivua kofia mlangoni, na aliponiona nahangaika kumsikia aligeuza uso akawa ananitazama kila anaposema, nikamwona midomo vizuri. Alikula keki yangu vipande viwili. Akaniuliza mwanangu alikuwa mtoto wa namna gani, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo kwa miaka ishirini. Nikamwambia. Nilisema Lonzo alikuwa akikaanga mayai, akivaa mwenyewe kwa unadhifu, akiendesha lori la mjomba wake, akafanya kazi kiwanda cha kuku miaka miwili wala hakufukuzwa. Halafu nikasema kama haamini aangalie, nikatoa kaseti kabatini na kumpa. Alipoondoka nilisimama barazani nikajiona nimeshinda kesi.

Usinikasirikie. Mama yako Earline alinishika mkono siku anakufa akanisihi jambo moja tu, mtu yeyote asimwite mwanawe mjinga. Nilimwapia. Sasa wewe unataka niende mahakamani, mbele ya watu weupe na weusi, nimwite hivyo mimi?

Msalimie Janelle. Rangi yoyote isipokuwa ile ya kijani.

Wako,
Mama Mkubwa Vernell

Milwaukee
15 Machi 2015

Mama Mkubwa mpendwa,

Mgongo unaendelea vizuri, mafuta yamenuka nyumba nzima. Janelle amechagua zambarau. Salamu ziishie hapo, nina hasira, na afadhali nikuambie kuliko kukuficha.

Kila neno zuri ulilompa yule daktari liko kwenye ripoti yake. Bi Keating alinisomea ukurasa wa kumi na moja: mlezi wake anathibitisha kwamba alipika, alijivisha, aliendesha gari, aliajiriwa. Keki yako tu ndiyo haikuandikwa. Hivi unajua ulichokifanya? Ulikuwa unamsifu kwa watu wanaotafuta ruhusa ya kumuua.

Nami nilikuwepo kwenye nyumba ile. Mayai alikaanga mara mbili, na mara zote mbili jiko lilishika moto, ukang'oa vishikio vya kuwashia jiko ukawa unatembea navyo mfukoni mwa aproni. Nguo ulimpangia kitandani kila asubuhi kuanzia kushoto kwenda kulia, ya kwanza kuvaa mpaka ya mwisho, na siku ulipougua alikuja mezani amevaa fulana juu ya koti. Lori aliliendesha malishoni, ng'ombe wakimpisha, na gia ulishika wewe. Ungemwambia daktari hayo, angeandika nini?

Na kuna jingine. Kila Pasaka mimi nilikaa ubavuni pako, kiti cha mbele. Nilikuwa naona midomo yako inakwenda, haitoi sauti. Miaka yote nilidhani unamwombea. Hukuwa unaomba, sivyo?

Kumwita mlemavu si kumtukana. Nakuomba sana.

Renetta

Tallow Creek
7 Aprili 2015

Renetta,

Pasaka ilikuwa juzi. Maua meupe yalijaa madhabahuni mpaka Shemasi akapiga chafya wakati wa sala. Watoto kumi na mmoja walisema maneno yao. Mmoja alisahau akaketi sakafuni akalia, tukampigia makofi hivyohivyo. Nilipika mguu wa nguruwe na pai mbili za viazi vitamu, na sikuwa na mtu wa kula nami ila Hattie.

Bi Keating alikuja wiki iliyopita na makaratasi. Alinionyesha moja linalompa shida, fomu ya Lonzo ya kuombea kazi kiwanda cha kuku. Imejazwa vizuri, wala haina kosa. Jina, anwani, kazi alizowahi kufanya, mpaka sababu ya kuipenda kazi hiyo. Serikali inasema mtu mwenye ulemavu wa akili hawezi kuandika hivyo. Bi Keating akaniuliza kama naujua mwandiko ule.

Nilisema macho yangu ni mabovu. Lakini si mabovu kiasi hicho. Herufi ya g yenye mkia uliopinda kama ndoana, nilipigana nayo tangu uko darasa la pili.

Unanitaka mimi niseme yote. Wewe je?

Vitunguu vimeota.

V.

Milwaukee
3 Mei 2015

Mama Mkubwa,

Nimekawia kujibu. Si zamu wala si kuumwa, nilikuwa naona aibu.

Fomu niliijaza mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Niliijaza garini, nje ya kiwanda, yeye akiwa pembeni yangu anahesabu malori ya kuku na kurudia tano kila anapofika sita. Sababu ya kuipenda kazi niliitunga mimi. Msimamizi alikuwa mtu mwema akamweka kwenye kazi moja tu, kutundika kuku kwenye ndoano, na kila Jumatatu alimfundisha upya. Nilikuwa namtilia saini kila mahali. Kadi ya maktaba, karatasi za hospitali, hata kadi ya siku ya mama aliyokuletea ukalia, mimi niliiandika. Nisamehe kwa hiyo.

Halafu nikachoka. Ndiyo maana nilipanda basi kuja huku. Nilikuambia ni kazi, na haikuwa kazi. Nilichoka kuwa kichwa cha mtu mwingine. Nilimwacha, na miaka mitatu baadaye akapata mtu mwingine wa kumwongoza, na mtu huyo alikuwa na bunduki. Hilo sijawahi kulisema hata kwa Delmar. Sijakwenda gerezani miaka kumi na moja kwa sababu anafurahi mno akiniona, nami sistahili.

Nimemwandikia Bi Keating. Nitakuja mwezi wa sita, nitaapa, nitaandika ile g mbele ya jaji. Kazini wamenipa siku mbili tu, kwa hiyo nitatoa ushahidi siku ya kwanza na kurudi.

Kubaki kwako na heshima yako au kuitoa, hilo sasa ni lako. Mimi yangu nimeitoa.

Renetta

Tallow Creek
17 Mei 2015

Renetta mwanangu,

Kadi ile niliijua siku ileile. Lonzo hawezi kuandika neno "mpendwa". Nililia kwa sababu yako, mpumbavu wee.

Usibebe bunduki ya mtu mwingine. Ulikuwa msichana, ukaenda kutafuta maisha, na mimi ndiye niliyekununulia tikiti ya basi. Umesahau? Yamekwisha.

Sasa nisikilize. Unakumbuka kiwanda cha nguo kilivyokuwa kinanguruma mpaka vikombe vinatetemeka nyumbani? Ndani zilikuwa mashine mia mbili za kufuma zinapiga kwa pamoja. Hata umpigie mtu kelele sikioni hasikii. Basi sisi wafumaji tulisema kwa midomo. Tulisengenyana, tulipeana mapishi, tulimcheka msimamizi akiwa amesimama katikati yetu, na sauti haikutoka hata moja. Miaka thelathini na tatu niliongea hivyo, ndiyo iliyoniua masikio na ndiyo inayoniokoa leo.

Mama yenu alipofariki Lonzo alikuwa na miaka minane. Ukimsomea kitu hauingii hata mstari mmoja. Siku moja mezani, kwa mazoea tu, nikamwambia kwa midomo: nipe chumvi. Akasema kwa sauti, "Nipe chumvi." Chumvi yenyewe hakunipa. Hakujua nimeomba kitu. Lakini aliyasema maneno kama nilivyoyasema, nami nikaona mlango.

Pasaka ya kwanza nilimpa mistari minne. Nilikaa mbele, akanitazama midomo, akasema. Kanisa likasimama. Hujui ilivyokuwa kuona watu waliokuwa wakimnong'ona mtoto wangu wanasimama kwa ajili yake. Mwaka uliofuata mistari kumi, halafu ukurasa. Alipomaliza hakujua amemaliza. Alisimama palepale mpaka nilipomwambia kwa midomo: kaa chini, umemaliza. Iangalie kaseti utaona. Watu wanapiga makofi, yeye kasimama tu anangoja.

Hattie alijua. Naye alifuma. Mdomo wote ule alionao, miaka thelathini hakumwambia mtu.

Jana nilimwita Bi Keating nikamweleza. Akatoa nakala ya kaseti, akaitazama bila sauti, macho ya Lonzo tu. Akanikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda.

Earline atanisamehe au hatanisamehe, tutaongea huko huko. Njoo na kofia. Mahakamani kuna baridi ya mashine.

Mama Mkubwa

Tallow Creek
25 Juni 2015

Mwanangu Renetta,

Umefika salama, Hattie kaniambia, na hukula samaki wangu niliokufungia kwa sababu walinuka kwenye ndege. Ungewala kabla hawajanuka. Ulisimama vizuri kule kizimbani. Uliandika ile g ubaoni na mkia wake wote, na jaji aliona.

Sasa nikuambie yaliyotokea baada ya wewe kwenda, maana najua Bi Keating atakueleza kisheria.

Siku ya pili walipambana madaktari. Saa tatu nzima za namba. Dakta Abernathy akisema sabini na saba ni ya mtu aliyekwisha kuyaona maswali, Dakta Pruitt akisema mjinga hakumbuki maswali kwa miezi minne. Mimi nilisoma midomo yao mpaka macho yakauma. Halafu wakaweka kaseti. Mwendesha mashtaka akaiacha iende dakika zote sita, akaketi bila kuongeza neno. Nilimtazama Jaji Marbury. Alikuwa amevutiwa. Binti ya marehemu Tarpley alikuwa upande wa pili amefumba macho.

Siku ya tatu wakaniita. Nilimwambia mwendesha mashtaka ahamie kwenye mwanga, sharubu zake zinameza maneno. Nikaeleza kiwanda, chumvi, Pasaka, vyote. Nikasema nilimdanganya daktari kwa keki na sasa natubu. Mwendesha mashtaka akafurahi kabisa. Akasema kusoma midomo ni ufundi mgumu, watu wenye digrii hawauwezi, basi mimi mwenyewe nimethibitisha kwamba Lonzo ana akili. Renetta, nilidhani nimemmaliza mtoto kwa kinywa changu kwa mara ya pili.

Hapo jaji akauliza kama tunaweza kumwonyesha. Mabishano yakawa marefu, akaruhusu. Akaniambia niseme kitu kipya, kisichokuwa cha kanisani. Sikuwa na kitu kichwani, nikasema nilichokiona. Lonzo akasimama na pingu zake, akanitazama, akasema kwa sauti ile ya Pasaka, "Jaji ana doa la kahawa kwenye ukosi wa shati."

Chumba kizima kilicheka. Jaji akajishika shingoni. Lonzo alipoona watu wanacheka akacheka naye, wa mwisho, akigeuka huku na huku kutafuta kinachochekesha. Jaji aliliona hilo pia. Aliacha kucheka kabla ya wengine.

Akaomba Lonzo aseme kisa cha kaburi. Nikampa, akasema mstari kwa mstari mpaka jiwe likavingirishwa. Kisha jaji akamwambia ageuke atazame ukuta aendelee. Lonzo akageuka. Akasema tena jiwe, akasema tena jiwe, akaishia hapo. Wakamgeuza. Jaji akainama kwenye meza yake, akamuuliza kwa upole nani alilivingirisha lile jiwe.

Lonzo akanitazama.

Mwanangu, nilifumba midomo. Nimezika mdogo wangu, nimezika mume, nimemwona yule mtoto akifungwa minyororo, na sijapata kufanya jambo gumu kama lile. Miaka thelathini na sita kila aliponitazama nilimpa. Alingoja. Nami nikabana midomo mpaka nikaonja damu. Mwisho akamgeukia jaji akasema, bila haya, kama mtu anayeomba asubiriwe kidogo, "Bado hajaniambia."

Hakuna aliyecheka. Dakta Pruitt alimwinamia mwendesha mashtaka akamnong'oneza, na alisahau mimi ni nani. Alisema, "Sikuangalia macho yake. Kaseti nzima, sikuangalia macho yake." Nampa heshima kwa hilo.

Tulipotoka binti ya Tarpley alipita karibu nami. Nilimshika mkono, akauacha kidogo, akaenda zake.

Jaji ataandika uamuzi. Hakusema lini.

Mama Mkubwa

Milwaukee
30 Agosti 2015

Mama Mkubwa wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Delmar aliisoma akatoka nje kumwagilia nyasi kwenye mvua.

Hakuna habari. Bi Keating anasema kuchelewa ni kuzuri, halafu kesho yake anasema hakumaanishi kitu. Kila simu ikilia kazini nadondosha shuka. Janelle ameanza chuo na ametuambia anataka kusomea kufundisha watoto wanaochelewa kushika. Hakusema kwa nini, sisi nasi hatukuuliza.

Nimekata tikiti ya Novemba. Nitakwenda kumwona. Usimwambie asije akakosa usingizi.

Unakula?

Renetta

Tallow Creek
4 Oktoba 2015

Renetta, mwanangu, mwanangu,

Bi Keating alikupigia, najua, na Hattie anasema ulipiga ukelele mpaka mashine za kufulia zikazimwa. Lakini mimi nilijua kabla yako, na nitajisifu kwa hilo mpaka nife.

Nilikuwa dirishani namenya njegere. Gari lake likasimama ng'ambo ya barabara, hakushuka, alikuwa kwenye simu. Nikamtazama midomo kupitia vioo viwili. Alisema, "Ndiyo. Ataishi." Halafu akasema tena. Njegere zote zikamwagika. Alipofika mlangoni kwa ajili ya kuniambia alinikuta sakafuni nimekaa katikati ya njegere nacheka, akadhani nimeanguka.

Uamuzi una kurasa arobaini. Ameniachia nakala. Jaji amesema namba peke yake haziwezi kubeba uhai wa mtu, na kwamba yeye aliona kwa macho yake mtu anayeazima akili ya mwingine. Keki imo ukurasa wa ishirini na tisa. Mwendesha mashtaka amesema hatakata rufaa. Hatatoka, Lonzo, hilo nalijua. Bwana Tarpley naye hatarudi. Lakini hakuna tena sindano, hakuna tena kuhesabu Krismasi, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka tisini na tatu nimelala mpaka jua likanichoma.

Jumamosi Hattie alinipeleka gerezani. Unajua kile kioo, na ule mkono wa simu usionifaa kitu. Sisi hatujawahi kuutumia. Nilisimama mbele ya kioo, kiti nikakiacha nyuma yangu. Nikamwambia kwa midomo, polepole, kama nilivyompa Pasaka: Hawatakuua. Akarudia, "Hawatakuua." Nikasema: Utazeeka. Akasema, "Utazeeka." Nikasema: Jaji amesema wewe ni mlemavu wa akili, na mimi ndiye niliyemwambia, nisamehe. Hapo hakurudia. Alinitazama tu, nami nikawa nimesimama pale nalia, sina tena neno la kumpa.

Basi midomo yake ikaanza kwenda yenyewe. Hakutoa sauti. Hakuna aliyemtangulia. Niliangalia mara mbili nione kama nimeona sawasawa.

Alisema, "Kaa chini, Mama Mkubwa. Umemaliza."

Nikakaa.

Njoo na njaa mwezi wa kumi na moja. Samaki utawala hapahapa.

Mama Mkubwa wako,
Vernell